Ishirini na Tatu

Kama kuna kitu Coletha Tluway hakuwahi kukitilia shaka, ni mistari kumi na minne ya programu aliyoiandika kwa mikono yake mwenyewe. Wapo wanaojisifia ng'ombe, wapo wanaojisifia watoto. Yeye alikuwa na mistari yake. Iliwekwa kwenye seva ya maktaba ya parokia pale Babati mjini, na kwa miaka miwili haikumsumbua mtu. Kazi yake ilikuwa moja tu. Kompyuta yoyote ikitaka kufungua maktaba, mistari ile ilitazama anwani yake ikauliza: huyu ni wetu au si wetu? Akiwa wetu, aingie. Asipokuwa wetu, abaki nje, na maandishi mekundu yamwambie, "Kifaa hiki si cha mtandao huu." Vitabu vilitolewa kwa sharti hilo, visomwe na shule na zahanati za parokia peke yake, kwa hiyo mlango ulikuwa lazima uwepo.

Mtandao wenyewe aliujenga baba yake. Ndiyo, baba yake mzazi, Mzee Theophil, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Wenzake walipostaafu walifuga, yeye alinunua kitabu kinene cha mitandao akakisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka mkewe Ursula, Mungu amrehemu, akamuuliza kama anataka kusomea upadri uzeeni. Akiwa na miaka sitini na sita alikuwa anapanda minara kufunga antena. Majirani wa Nangara walitoka nje kumtazama huku wameshika vichwa. Na yeye ndiye aliyegawa anwani, kila kituo na kipande chake, zote akaziandika kwenye daftari la mraba kwa ile hati ya mwalimu ambayo hata nzi akitua anaona aibu kuichafua.

Anwani hizo si jambo la kumtisha mtu. Ni namba nne zenye nukta katikati. Zahanati ya Sigino ilikuwa na 10.40.4, na Nangara 10.40.5, na sekondari ya Singe 10.40.6, kisha namba ya nne inataja kifaa chenyewe, hiki cha kwanza, kile cha pili. Mwisho wa kila kipande mzee aliandika mkwaju, ule mstari ulioinama, na 24, alama inayosema kipande kinaishia wapi. Coletha alipoandika programu yake alitazama vipande vyote, akaona 24 kila mahali. Akasema, aa, kumbe rahisi: linganisha namba tatu za mwanzo, zikifanana, fungua. Ile alama ya mwisho hakuisoma kabisa. Programu ilifika kwenye mkwaju, ikakata, ikatupa.

Mwezi wa tatu mwaka huu Singe wakapata kompyuta kumi na mbili mpya na chumba kipya cha kuziweka. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Gerson, anayesimamia kompyuta pale shuleni, akapiga simu.

"Dada Coletha, hizi mashine zote zinakataliwa. Zote kumi na mbili. Zinaambiwa si za hapa."

"Nani aliziwekea anwani?"

"Mzee mwenyewe. Alikuja juzi na bodaboda, akakaa na sisi mpaka saa kumi."

Coletha akaenda Singe. Mahindi ya kando ya barabara yalikuwa yamefika magotini, na upepo ulikuwa umeshiba vumbi. Akawasha kompyuta ya kwanza, akatazama anwani: 10.40.7.11. Ya pili: 10.40.7.12. Saba! Akarudia kuisoma akidhani macho yanamdanganya. Singe ni sita, tangu zamani ni sita. Aliporudi nyumbani akafungua daftari la baba yake kwenye ukurasa wa Singe. Ile 24 ya zamani ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni, kwa mkono uliotetemeka kidogo, pameandikwa 23.

Moyo wake ukashuka. Sikilizeni, asingekuwa na sababu angeuliza tu yakaisha. Lakini alikuwa na sababu. Baba yake mkubwa, Sylvanus, alianza hivyo hivyo: leo kasahau jina, kesho kasahau njia, mpaka siku moja watu wakamkuta barabara ya Bonga amevaa kiatu kimoja, anatafuta shule aliyosoma akiwa mtoto. Na Mzee Theophil naye alikuwa ameanza vijambo. Mwezi wa kwanza alizipa mashine mbili za Sigino anwani moja. Aliacha jiko la gesi linawaka, akaenda kuangalia mbaazi. Na kuna asubuhi alimwita Coletha, "Ursula, chai iko wapi?" kisha akasimama mlangoni, uso umemwiva kwa haya, akasema tu, "Unafanana naye sana ukiwa umejifunga kanga hiyo." Coletha alitoka nje kwa kisingizio cha kuni, akalia.

Kwa hiyo alipoiona ile 23 nyekundu, hakuona namba. Aliona barabara ya Bonga.

Alimkuta baba yake uani anakwangua kutu kwenye jembe. Akamwamkia, akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akauliza kwa sauti laini, ile ambayo watu huitumia hospitali.

"Baba, hivi Singe ni sita au ni saba?"

"Zote mbili," akajibu mzee, uso umechangamka. "Sita ilijaa, unajua vile vishikwambi vya walimu na simu zao, sasa mimi nika—"

"Sawa, Baba. Sawa. Mashine zote zinakataliwa, lakini usijisumbue, nitarekebisha mimi."

"Si kurekebisha, mwanangu, mimi nimeuondoa ule—"

"Baba, umechoka. Siku hizi unafanya mambo mengi mno. Niachie mimi."

Na akamshika mkono. Jamani, alimshika mkono kwa upendo kabisa! Hapo ndipo ningetamani kumvuta Coletha sikio hadi liwe jekundu. Umemuuliza mtu mzima swali, anakujibu, unamkatisha mara mbili, halafu unamshika mkono! Mzee akabaki na jembe mapajani. Alimtazama binti yake kwa muda, kama anamtafuta usoni kitu fulani, kisha akainama akaendelea kukwangua.

Tangu siku ile Coletha alianza kumtunza. Alimbadilishia nywila za ruta ili "asisumbuke." Simu za vituo akaomba zipigwe kwake. Jiko la gesi akalifungia mtungi kila anapotoka. Mzee akianza kusema habari za mnara, Coletha alitabasamu na kuitikia ndiyo, ndiyo, huku akimwongezea uji. Kila alichokifanya alikifanya kwa moyo mweupe, na kila kimoja kilimpunguza mzee kidogo.

Nasema kilimpunguza kwa sababu kila aliyefika pale nyumbani aliona. Mzee aliacha kubisha. Yeye, aliyeweza kubishana na paroko kuhusu tarehe ya Pasaka mpaka paroko akaomba maji, sasa aliulizwa jambo akajibu, "Muulize Coletha, yeye ndiye anajua." Akaanza kuandika vikaratasi. Kwenye kopo la chumvi: CHUMVI. Mlangoni: FUNGUO, SIMU, MIWANI. Asubuhi moja Coletha alimkuta amesimama mbele ya kalenda anajifanyia mtihani kwa sauti ya chini, saba mara nane, nane mara tisa, na alipojibu sawa hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu anayehesabu vitu vyake kabla havijaibiwa.

Zikapita wiki tatu, ikafika Jumamosi moja, jumuiya ndogo ndogo ya Mtakatifu Monika ikasali nyumbani kwao, watu ishirini na kitu wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Mwenyekiti, Mama Msafiri, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya pili ya ziwa, akauliza kama kuna mwenye nia ya pekee. Mzee Theophil akasimama mwenyewe. Coletha hakujua lolote.

"Naomba mniombee kichwa changu," akasema. "Kaka yangu mnamkumbuka. Na mimi nimeanza. Nimewaharibia watoto wa Singe kompyuta zao, na nilikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba nimefanya sawa. Hilo ndilo linalonitisha. Kusahau si kitu, ila kuwa na hakika ya uongo..." Akaikunja kofia yake mkononi. "Nimemwandikia paroko. Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata, halmashauri ya parokia itakaa kutafuta fundi kutoka Arusha. Mtandao nimeuachia."

Wakamwombea. Waliomba kweli, Wairaqw wakiomba kwa ajili ya mzee wao hawabani sauti. Mama Msafiri alimwekea mkono kichwani, wanawake wakalia, na Coletha akalia kuliko wote, na katikati ya machozi alijisikia, nasema ukweli, amefarijika. Baba amekubali. Sasa angemtunza vizuri.

Siku hiyo hiyo alikwenda Singe, safari aliyoiahirisha wiki zote zile kwa kumtunza baba, akazihamisha kompyuta zote kumi na mbili kutoka saba kuja sita. Zikafunguka. Mwalimu Gerson akapiga makofi. Jumatatu akapiga simu tena, na sauti yake haikuwa ya makofi.

"Dada, sasa vishikwambi vya walimu vinakatika. Mwalimu mkuu ametupwa nje mara tatu akiwa anafundisha. Kuna mashine zinagombea anwani moja."

"Haiwezekani. Sita ina nafasi zaidi ya mia mbili hamsini."

"Na sisi tuna vifaa zaidi ya hapo, dada. Mzee alivihesabu vyote. Alitumia siku mbili, darasa kwa darasa."

Hilo lilimgusa Coletha mahali. Akasema atashughulikia, akakata simu.

Ijumaa mchana, halmashauri ikiwa imebakiza siku tatu, alikaa sebuleni na laptopu yake kumwandikia paroko barua ya kuifuatia ile ya baba. Alitaka iwe ya heshima. Alitaka ieleze kwamba Mzee Theophil alikosea kwa sababu ya umri, si kwa uzembe, na kwamba asilaumiwe. Akaona afadhali aambatanishe uthibitisho, asije mtu akadhani ni maneno ya binti tu. Sasa, ipo zana tayari ndani ya lugha anayoitumia kuandika programu, imeandikwa na watu wanaozijua anwani nje ndani. Unaipa anwani, unaipa kipande pamoja na ile alama yake ya mwisho, inakujibu kama anwani imo au haimo. Hakuwahi kuitumia. Angeitumia ya nini, na yeye ana mistari yake kumi na minne?

Akaandika kipande cha Singe kama kilivyo kwenye daftari, na 23 yake. Akaandika anwani ya ile kompyuta ya kwanza, 10.40.7.11. Akauliza: imo?

Zana ikamjibu kwamba imo.

Coletha akacheka kidogo. Akafuta, akaandika upya polepole. Imo. Akajaribu ya kumi na mbili. Imo. Akaweka 24 badala ya 23. Haimo. Akarudisha 23. Imo. Akafungua mistari yake kumi na minne, ile aliyokuwa akijisifia, akaisoma kama vile anamsomea mtu mwingine, na kwenye mstari wa tano akaliona: pale inapofika kwenye mkwaju inakata na kutupa. Ilikuwa inatupa jibu la baba yake. Baba alikuwa amelisema mara mbili, kwa mdomo na kwa kalamu nyekundu, na yeye alilitupa mara mbili.

Akaifunga laptopu, akaifungua, akaifunga tena. "Mungu wangu," akasema peke yake. "Mungu wangu, tumemfanya nini Baba."

Mzee alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo, mawe huku, maharage kule. Coletha alikwenda akapiga magoti mbele yake, chini kabisa kwenye vumbi. Mzee akashtuka, akatazama huku na huku.

"Kuna nini? Anjela anaumwa?" Anjela ni mtoto wa Coletha, yuko bweni Dareda.

"Anjela ni mzima. Baba, Singe ulipatia."

Mzee hakuelewa. Akaendelea kushika ungo.

"Ulipatia, Baba. Ishirini na tatu ni sawa. Programu yangu ndiyo mbovu. Haisomi ile alama. Inadhani dunia nzima ni ishirini na nne." Sauti ikamkatika. "Ulikuwa unanieleza na mimi sikukuacha umalize."

Mzee akaweka ungo chini taratibu. "Sikukosea?"

"Hukukosea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Baba."

Akavua kofia yake, akaiweka usoni, akakaa hivyo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Coletha hakuwahi kumwona baba yake akilia hata siku ya kumzika mama, na sasa alikuwa analia nyuma ya kofia ya pamba, na yeye ndiye aliyemliza. Alitamani ardhi immeze. Lakini alikaa pale pale, magoti chini, kwa sababu kuondoka kungekuwa uoga.

Mzee alipoiondoa kofia, macho yalikuwa mekundu na yana hasira, na hasira ilikuwa haki yake.

"Mwezi mzima, Coletha. Nimelala mwezi mzima nikijiuliza kesho nitasahau nini. Nimeaga watu."

"Nisamehe, Baba."

"Unajua kwa nini nilikubali? Nilipiga hesabu ile tena na tena, usiku, mchana. Kila mara ikaja ile ile. Nikasema, hesabu inasema niko sawa, na Coletha anasema nimekosea. Nikachagua kukuamini wewe." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilikuamini kuliko kichwa changu."

Wewe ungesema nini? Coletha aliweka paji la uso kwenye goti la baba yake akalia mpaka kanga ikalowa, na baada ya muda mrefu mkono wa mzee ukatua kichwani pake, mzito, wenye vumbi la maharage.

"Haya, inuka. Inuka bwana, majirani watadhani nimekupiga." Kisha ualimu ukamrudia, maana ualimu ni ugonjwa usio na dawa. "Unaelewa lakini kwa nini saba imo? Au unaamini tu ile zana kama ulivyoamini namba tatu?"

"Naelewa... kidogo."

"Kidogo!" Akavuta ungo. Akapanga mstari wa vitu vinane: mawe matano, maharage mawili, jiwe moja. "Jiwe ni sifuri, harage ni moja. Hivi ndivyo mashine inavyoiona sita. Soma."

"Nne, jumlisha mbili. Sita."

Akaondoa lile jiwe la mwisho, akaweka harage. "Na sasa?"

"Saba."

"Namba tatu za mwanzo, nafasi nane kila moja, ni nafasi ishirini na nne. Ukiambiwa ishirini na nne, mashine inakagua mpaka hapa mwisho, kwa hiyo sita na saba hawajuani. Ukiambiwa ishirini na tatu..." Akafunika nafasi ile ya mwisho kwa kidole gumba. "Hapa haitazami. Sasa niambie, ipi sita na ipi saba?"

Coletha akatazama. Chini ya kidole kile kungekuwa na jiwe au harage, hakuna tofauti iliyobaki. "Ni kipande kimoja," akasema.

"Kimoja. Nimekipanua tu. Nisingeweza kuwapa watoto wale namba ya mbali kama vile ni wageni, na wao wako hapo hapo Singe, ukuta kwa ukuta." Akaondoa kidole. "Hayo ndiyo niliyotaka kukwambia siku ile. Dakika tatu tu."

Mchana ule Coletha aliifuta mistari yake. Yote kumi na minne. Akaandika mipya mitatu inayosoma alama ya mwisho, akazirudisha kompyuta za Singe kwenye saba, na Mwalimu Gerson akapiga simu kuuliza nani kaleta dawa. "Mzee," Coletha akasema. "Ilikuwepo tangu mwezi wa tatu." Ile barua ya paroko akaiandika upya, mistari minne, na ndani yake hapakuwa na neno umri.

Lakini barua kwa paroko ni jambo moja, jumuiya ni jingine. Watu ishirini na kitu walikuwa wameweka ugonjwa wa Mzee Theophil kwenye sala zao za kila siku. Asubuhi iliyofuata jumuiya ilikutana kwa Mama Msafiri, na ilipofika saa ya matangazo Coletha akapiga moyo konde, akasimama.

"Nina jambo kuhusu Baba. Ile kazi ya Singe hakukosea. Imethibitika alifanya sawa tangu mwanzo."

"Uuuwi!" Mama Msafiri akaruka kutoka kitini. "Mungu amejibu! Mnaona? Amemponya!" Watu wakapiga makofi, vigelegele vikapasua bati, mzee mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani.

"Ngojeni," Coletha akasema. "Naombeni mngoje." Wimbo ukafa. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. "Hajaponywa. Hakuwa anaumwa. Mimi ndiye niliyekosea kazi yangu, halafu nikamwambia baba yangu kichwa chake kimeharibika. Hakuna mtu aliyeniambia, nilijiamulia. Namwomba radhi mbele yenu kwa sababu yeye aliaibika mbele yenu."

Mama Msafiri akaketi polepole. "Kwa hiyo, Mama Anjela," akasema, akijaribu kulipanga kichwani, "sisi siku zote hizi tumekuwa tukiiombea kompyuta yako?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama wa nyuma, kikaja mbele, kikambeba hata Mzee Theophil, akacheka mpaka akashika ubavu. Coletha naye akacheka, machozi yanamtoka, aibu na raha vimechanganyika hadi hakujua kipi ni kipi.

Kisha mzee akasimama, na watu wakanyamaza kwa heshima.

"Hiyo sala msiifute," akasema. "Wacha nami niwe mkweli kama binti yangu. Vitu nasahau. Jiko niliacha linawaka, ni kweli. Nilimwita Coletha kwa jina la mama yake, ni kweli. Siku inaweza kuja." Akamgeukia Coletha, na hapo hakuwa anaongea na jumuiya tena. "Ikija, wewe ndiye utakayeiona kwanza, mimi sitaiona. Sasa utaitambuaje, mwanangu, kama huniachi nimalize?"

Coletha akatikisa kichwa.

"Basi," mzee akasema. "Yameisha kati yetu. Jumatatu nitakwenda kwenye halmashauri, kama bado wananitaka."

"Wakikukataa watanitambua!" Mama Msafiri akasema.

"Nataka kuwaeleza mpango wa Sigino. Pale zahanati wanaongeza wodi ya wazazi, na kipande chao kitajaa kabla ya Krismasi. Kwa hiyo mnara ule wa zamani tutauhamishia kwenye kile kilima cha nyuma, halafu juu yake tutafunga ile... ile..."

Akasimama. Mkono wake ukachora kitu hewani, cha mviringo, kama sahani. "Ile..." akarudia. Mama Msafiri akatazama chini. Mtu akakohoa. Mzee alikuwa amekunja uso, anatafuta, na neno halikuja, na kila aliyekuwemo aliona kwamba halikuja.

Coletha alikuwa nalo. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, dogo, rahisi, neno ambalo baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akafunga mdomo. Aliyatazama macho ya baba yake yakihangaika, na kila sekunde ilimchoma, na akangoja. Nje mbuzi alilia. Akangoja.

Mwishowe mzee akashusha mkono, akamgeukia, bila haya.

"Coletha, kinaitwaje kile?"

"Antena, Baba."

"Antena," akasema Mzee Theophil, akawageukia watu. "Tutafunga antena kubwa, ielekee Sigino." Na akaendelea kuwaeleza mpaka akamaliza.